Kutoka Kwenye Mbio za Magari Hadi Mbele ya Kamera

Nilishindana kwenye mbio za magari kwa miaka 11, kisha nikawa mtangazaji wa kipindi cha magari cha televisheni. Madereva vijana wanaotamani njia hii huniuliza kama ni lazima kwanza wawe mabingwa. Si lazima. Tiff Needell wa Uingereza alianza Grand Prix moja tu ya Formula One, ile ya Ubelgiji mwaka 1980, nayo hakuimaliza. Hata hivyo alikuwa mtangazaji wa Top Gear, kipindi cha magari cha BBC, kuanzia 1987 hadi 2001, kisha akahamia Fifth Gear, kipindi kingine cha magari. Watazamaji walimpenda kwa sababu aliweza kuliacha gari liteleze kwa ubavu kwenye kona huku akiendelea kuwaeleza kinachotokea.

Uwezo huo wa kusema wakati mikono iko kazini ndio ninaousisitiza kuliko mwingine wowote, kwa kuwa mimi niliingia kwenye televisheni bila kuwa nao. Siku ya kwanza niliendesha kwa kasi yangu yote, na mwongozaji aliponisikilizisha sauti iliyorekodiwa nilisikia mngurumo wa injini, pumzi zangu, na maneno "gari zuri sana" mara nne. Nilifadhaika mno. Zilipita wiki kadhaa kabla sijatambua kwamba kazi ile nilikuwa nimeifanya kwa miaka mingi: kila baada ya mazoezi nilikaa na mhandisi wa timu nikamsimulia, kona baada ya kona, mahali magurudumu ya mbele yalipoanza kuteleza, jinsi breki zilivyoshika, na kama usukani ulikuwa mzito au mwepesi. Mtazamaji anahitaji masimulizi hayo hayo, ila yasemwe bila istilahi za gereji. Kwa hiyo dereva ambaye bado anashindana aanze sasa: ajisemee kwa sauti anapofanya mazoezi, ajirekodi, kisha amsikilizishe mtu asiyejua lolote kuhusu magari na kumuuliza ameelewa nini.

Apunguze pia kasi kidogo, maana akili iliyozama katika kutafuta kasi ya mwisho haina nafasi ya kutunga sentensi. Sabine Schmitz, dereva Mjerumani aliyeshinda mbio za saa 24 za Nürburgring, Ujerumani, mwaka 1996 na 1997, aliizunguka Nordschleife, njia ya mbio ya huko yenye urefu wa kilomita 20.8, kwa Ford Transit, gari la kubebea mizigo, katika Top Gear kwa dakika 10 na sekunde 8, huku kamera ikimtazama. Naamini aliweza hivyo kwa sababu njia ile aliijua kama kiganja chake, na mawazo yake yakabaki huru.

Kona inayoonekana kwa sekunde chache inaweza kumaliza asubuhi nzima, kwani hupigwa picha kutoka ndani ya gari, kutoka kando ya barabara, na kutoka kwenye gari jingine linalotangulia. Hapo mafunzo ya mashindano yanalipa, kwa maana dereva aliyezoea kupita mstari ule ule mzunguko baada ya mzunguko humrahisishia mhariri kazi kuliko dereva mwenye kasi lakini anayebadilika kila mara.

Jambo gumu zaidi kwangu limekuwa kutoa hukumu. Mashindanoni saa ndiyo iliyohukumu. Kwenye kipindi ninahukumu kwa niaba ya mtu atakayewabeba watoto kiti cha nyuma na kukwama kwenye foleni, na gari lenyewe mara nyingi tumeazimwa na kampuni iliyolitengeneza. Mwaka wangu wa pili nilijaribu gari ambalo breki zake zililegea baada ya kushuka mlima mrefu, nami nikasema tu kwamba zinahitaji kuzoewa. Mtazamaji mmoja aliyelinunua aliniandikia kwa uchungu kwamba alikuwa ameniamini. Tangu siku hiyo huandika kasoro za gari daftarini nikiwa bado nimekaa kwenye kiti cha dereva, kabla sijazungumza na mtu yeyote, na ninazisoma mbele ya kamera kama nilivyoziandika.