Herufi nzito zinatosha, au kila kitu kiwe na tagi yake?

SWALI: Tunaandika miongozo ya programu kwa DITA, mfumo wa XML ambamo vipande vya maandishi hufungwa ndani ya tagi zinazosema ni nini. Tangu mwanzo tumetumia tagi ya b kwa kila kinachotakiwa kukolezwa: vitufe, njia za faili, amri, hata neno "Onyo". Sasa kiongozi wa timu anataka tuiache, tutumie uicontrol (kwa vitufe), filepath (kwa njia za faili), cmdname (kwa amri) na wenzao. Nimejaribu kwenye sura moja, na kwa mitindo yetu ukurasa umetoka vilevile. Faida iko wapi? Na tagi zilivyo nyingi, tuishie wapi?

JIBU: Umetoka vilevile kwa sababu anayesoma ukurasa siye anayenufaika kwanza. Wanaonufaika ni wanaolishughulikia faili la XML kabla halijawa ukurasa: mtafsiri, mhariri, programu ya ukaguzi, na wewe mwenyewe mwakani. Tagi ya b inawaambia jambo moja tu, kwamba herufi ziwe nzito. Kwa nini ziwe nzito, haisemi.

Chukua vitufe. Wasanidi wakibadilisha "Tuma" kuwa "Wasilisha" bila kuwaambia (na hawatawaambia), mtajuaje? Vitufe vikiwa ndani ya uicontrol, skripti ya mistari michache inaweza kukusanya majina yote na kuyalinganisha na faili ambamo wasanidi huhifadhi maandishi ya skrini. Jina lililo kwenye mwongozo lakini halimo kwenye faili hilo ni la kuchunguzwa. Jaribu hivyo kwa b: utaletewa vitufe, njia za faili, amri na maneno yaliyosisitizwa tu, yote kapu moja, na orodha itakuwa ndefu hadi hakuna atakayeisoma.

Tafsiri ndiyo hoja nzito zaidi. Amri haitafsiriwi kabisa. Jina la kitufe hutafsiriwa, ila kwa neno lilelile lililo kwenye skrini ya lugha hiyo. Neno lililosisitizwa, mtafsiri ana uhuru nalo. Hizo ni kanuni tatu tofauti, na b inazifunika zote. Amri ya sort ikiwa ndani ya b, mtafsiri ataona neno la kawaida la Kiingereza na kuandika "panga". Mtumiaji naye ataandika panga kwenye dirisha la amri na kuambiwa hakuna amri hiyo. Ikiwa ndani ya cmdname, programu ya tafsiri inaweza kuwekwa ilifunge neno hilo lisiguswe.

Maonyo msiyacheleweshe hata siku moja. Tumieni tagi ya note yenye sifa ya type iliyo caution, warning au danger, kulingana na uzito wa hatari. Hapo ndipo anayehusika na usalama anaweza kupewa maonyo yote ya bidhaa ayapitie, bila kusoma mwongozo mzima. Tena DITA inaruhusu note ikae ndani ya step (hatua moja ya kazi) kabla ya cmd (sentensi inayomwambia mtumiaji la kufanya), yaani mtumiaji aonywe kabla ya kutenda.

Hoja ya mitindo, kwamba siku moja mtataka njia za faili zichapwe kwa mwandiko tofauti na vitufe, ni ya kweli, lakini mimi siipi uzito. Hutokea mara chache.

Sasa mwishie wapi? Kwa kila tagi ulizeni: nani ataitumia? Mtafsiri, skripti, mtindo, utafutaji? Kama hakuna, iacheni. Kwa miongozo mingi ya programu naona inatosha uicontrol, menucascade (mfuatano wa menyu), filepath, cmdname, userinput (anachoandika mtumiaji), codeph (kipande cha msimbo), varname (jina la kigeu) na note. Wintitle (kichwa cha dirisha) ningeiacha. Parmname na option (vigezo na chaguo za amri) pia, isipokuwa mnaandika marejeo ya amri, maana waandishi wawili hawatakubaliana ipi itumike wapi, na tagi inayotumika nusu nusu ina hatari yake: utafutaji unakuletea nusu ya ukweli nawe unadhani ndio wote. Andikeni ukurasa mmoja wa maamuzi, kila tagi na mfano wake, basi.

Ukurasa huo ukataze jambo moja waziwazi: kuchagua tagi kwa sababu ya sura yake. Wapo wanaoweka anwani ya barua pepe ndani ya filepath kwa kuwa wanapenda mwandiko unaotoka. Heri b, ambayo haisemi kitu, kuliko filepath inayosema uongo.

(Kwa wanaotumia DocBook, mfumo mwingine wa XML wa kuandika nyaraka, majina ni guibutton, filename na command, hoja ni ileile.)

Sura za zamani msizigeuze zote kwa mkupuo. Anzeni na zinazokwenda kutafsiriwa, nyingine zibadilisheni mnapozifungua kwa kazi nyingine. Yaliyomo ndani ya b yenye mkwaju au yanayoishia na .xml au .conf, skripti inaweza kuyapendekeza yawe filepath, lakini mtu ayaangalie kabla hayajahifadhiwa. Kisha wekeni kanuni ya Schematron (lugha ya kuandika kanuni za kukagua XML) inayotaja kila b iliyo ndani ya cmd. Iishie kutoa tahadhari, isizuie uchapishaji. Ikizuia, mtu mwenye haraka atageuza b zote kuwa uicontrol ili tu mstari mwekundu uondoke, na mtakuwa mmeharibu hata ile orodha ya vitufe.