Nikilala peke yangu hotelini Istanbul, mlango wa kadi unatosha?

SWALI: Hujambo fundi. Ninauza nguo za kike Eastleigh, na mwezi ujao naenda Istanbul kwa mara ya kwanza kununua mzigo pale Laleli. Rafiki niliyepanga kusafiri naye amejifungua, kwa hivyo nitakuwa peke yangu. Hoteli niliyolipia inatumia kadi badala ya ufunguo, na dada yangu ananiambia kadi hizo hunakiliwa kirahisi. Mtandaoni nimeona vyuma vya kufungia mlango kwa ndani, kabari zinazopiga king'ora, na vifaa vya kutafuta kamera zilizofichwa. Ni kipi kinafaa, na kipi ni kupoteza pesa? Na mtu akibisha usiku akisema ni mhudumu, nifanyeje? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Hujambo dada. Kazi yangu ni kufunga na kukagua vitasa vya hoteli, na nafurahi umeuliza kabla ya kusafiri. Jibu fupi: kadi peke yake haitoshi, lakini kinachokosekana ni kitu kidogo na unaweza kukipata hapa hapa mjini.

Tusiionee kadi. Ina faida ambayo ufunguo wa chuma hauna: mgeni akiondoka, kadi yake inakufa, na vitasa vingi huweka kumbukumbu ya kadi iliyofungua na saa iliyofungua. Kukitokea wizi, kumbukumbu hiyo ni ushahidi. Shida ni kwamba mlango unaofunguka kwa kadi yako unafunguka pia kwa kadi ya msafishaji, ya msimamizi na ile ya dharura. Wewe mgeni huwezi kujua kadi hizo ziko ngapi, wala ziko mifukoni mwa nani.

Kuhusu kunakili, dada yako hajakosea. Mwaka 2012 mtafiti Cody Brocious alionyesha hadharani, kwa kifaa cha bei ndogo, jinsi ya kufungua vitasa vya kadi vya kampuni ya Onity vilivyokuwa kwenye mamilioni ya vyumba. Mwaka 2018 watafiti wa F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Finland, wakatengeneza kadi kuu ya hoteli, ile inayofungua vyumba vyote, kutokana na kadi moja ya kawaida. Machi 2024 ikawa zamu ya vitasa vya Saflok vya kampuni ya dormakaba: zaidi ya milango milioni 3, katika hoteli na majengo kama 13,000, kwenye nchi 131. Aliyekuwa na kadi yoyote ya hoteli hiyo, hata iliyokwisha muda, angeweza kutengeneza kadi za kufungua kila chumba. Kampuni ilikuwa imearifiwa tangu Septemba 2022, lakini tatizo lilipotangazwa ni kama asilimia 36 tu ya vitasa vilivyokuwa vimerekebishwa. Msiwashangae sana, maana kitasa cha namna hiyo hurekebishwa mlango kwa mlango. Hakuna kubonyeza kitufe ofisini vyumba vyote vikapona.

Sikuelezi haya ili uahirishe safari. Mwizi wa hotelini mara nyingi hahitaji ufundi wote huo. Humtosha mlango ambao haukushika vizuri ulipotoka, au mtu wa mapokezi aliyetaja namba ya chumba kwa sauti. Nataka tu ujue kwa nini nasema utegemee kile kinachofungwa kwa ndani na kisichopokea amri ya kadi yoyote.

Ukiingia chumbani, acha mlango wazi, weka begi mlangoni na ukague. Tazama fremu pale ulimi wa kitasa unapoingia. Ukiona mbao iliyopasuka na kuzibwa, au rangi mpya mahali pale peke yake, mlango huo umewahi kuvunjwa. Rudi mapokezi uombe chumba kingine, na huna haja ya kueleza sana. Kisha funga, zungusha komeo, na uvute mlango kwa nguvu. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kwenye vitasa vingi vya kadi, komeo hilo huzuia kadi za kawaida, lakini kadi ya dharura hulirudisha. Katika udhaifu ule wa 2024, hata kadi ya kughushi iliweza kulirudisha. Kwa hiyo komeo lifunge kila mara, lakini lisiwe la mwisho. Tafuta mnyororo, au ule mkono wa chuma unaokunjwa juu ya kitasa. Huo hauna umeme wala kumbukumbu ya kadi. Utikise. Skrubu zikicheza, uhesabu kama haupo.

Angalia pia chini ya mlango. Kwenye hoteli nyingi, ukishusha mkono wa kitasa kwa ndani, ulimi na komeo hurudi kwa pamoja, ili mtu aweze kukimbia moto. Ni jambo jema, ila pengo kubwa chini ya mlango humpa mjuzi wa nje nafasi ya kupitisha chuma na kuuvuta mkono huo. Kunja taulo na ulisukumize kwenye pengo lile unapolala. Chumba kikiwa na mlango wa pili wa kuingilia chumba jirani, hakikisha umefungwa, kisha uukague kama ulivyokagua wa kwanza.

Sasa vifaa. Chuma cha kufungia kwa ndani, kile kinachoingia kwenye tundu la ulimi upande wa fremu, ningekununulia mimi kama ungekuwa dada yangu wa tumbo moja. Ni kizuri, lakini hufanya kazi kwa mlango unaofunguka kuelekea ndani tu. Ukiwa chumbani na ukaziona bawaba, mlango huo unafunguka kwa ndani. Milango mingine ina fremu iliyobana mno, chuma kisipite. Ndiyo maana nasema ubebe na kabari ya mpira. Hii pia ni ya mlango wa kuingia ndani. Kwenye marumaru ifute vumbi na maji kwanza, la sivyo itateleza. Yenye king'ora ni bora zaidi, kwa sababu kelele humfukuza mtu kabla mpira haujamshinda. Kabari ya kawaida utaipata kwenye hadiwea yoyote, na za betri uliza maduka ya vifaa vya umeme Luthuli. Mlango ukifunguka kuelekea nje, vyote viwili havina maana, na suluhisho langu ni kubadilisha chumba.

Lakini nisikilize kwa makini hapa. Tarehe 21 Januari 2025, hoteli ya Grand Kartal huko Bolu, Uturuki hiyo hiyo unayokwenda, iliwaka moto usiku wageni wakiwa wamelala. Watu 78 walikufa. Usifunge mlango kwa kitu ambacho mkono wako hauwezi kukitoa mara moja gizani, kwenye moshi. Usitumie kufuli yenye ufunguo, wala usiburute kabati hadi mlangoni. Jizoeze nyumbani kabla ya safari: funga kile chuma kwenye mlango wa chumba chako, zima taa, kisha ukitoe kwa kupapasa. Ukifika hotelini, tembea hadi kwenye ngazi za dharura ukihesabu milango iliyopo kati ya chumba chako na hapo, na uhakikishe mlango wa ngazi unafunguka. Mimi huomba ghorofa ya tatu hadi ya sita: si karibu na barabara, na si mbali mno kushuka kwa miguu.

Mapokezi, mtu akitaja namba ya chumba chako wageni wengine wakisikia, omba chumba kingine pale pale. Pasipoti wataitaka, kwa sababu hoteli za Uturuki huandikisha wageni kwa kitambulisho. Subiri waisome, na uondoke nayo mkononi. Omba kadi mbili hata kama uko peke yako. Ile alama ya kuomba usafi usiitundike, kwani inatangaza kuwa chumba hakina mtu. Ukihitaji usafi, waambie mapokezi ukiwa unatoka.

Akibisha mtu, usifungue hata kidogo kwa kutegemea mnyororo. Mnyororo ni wa kununua sekunde chache, si wa kumzuia mtu anayesukuma kwa bega. Uliza kwa sauti ni nani na amefuata nini, kisha piga simu mapokezi kwa simu ya chumbani, si kwa namba atakayokupa yeye. Kama hukuagiza kitu, kiachwe nje. Mhudumu wa kweli hatakasirika. Na akikasirika, hiyo ni shida yake na ya mwajiri wake. Wasichana wetu tumewafundisha adabu hadi wanaogopa kumkatalia mtu mlango. Mkatalie.

Kuhusu kamera, hofu yako ina msingi. Mwaka 2019 polisi wa Korea Kusini walifichua kwamba wageni kama 1,600 walikuwa wamepigwa picha kwa siri katika vyumba 42, na picha zikarushwa moja kwa moja mtandaoni. Kamera zilifichwa kwenye visanduku vya televisheni, soketi za ukutani na vishikio vya kukaushia nywele. Vile vifaa vya kutafuta kamera sikushauri ununue. Vingi hunasa mawimbi ya redio tu, hivyo hulia kwa sababu ya Wi-Fi ya hoteli na kunyamaza mbele ya kamera inayohifadhi picha kwenye kadi yake yenyewe. Zima taa, washa tochi ya simu, na umulike polepole kila kinachoelekea kitanda na bafu: king'amuzi cha moshi, saa, chaja iliyochomekwa tayari, tundu lisilo na sababu. Lenzi hurudisha nukta ndogo kali ya mwanga. Kifaa usichokihitaji kichomoe. Ukikuta kamera, ipige picha, ondoka chumbani, kisha uite polisi kabla ya kugombana na hoteli. Ukiamua kuhamia nyumba ya Airbnb, tangu 30 Aprili 2024 wenye nyumba hawaruhusiwi kamera yoyote ndani, hata ile waliyoitangaza.

Simu ya dharura Uturuki ni 112, kwa polisi, gari la wagonjwa na zimamoto. Ubalozi wa Kenya uko Ankara, si Istanbul, kwa hiyo andika namba yake kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Ukikamatwa au kuzuiliwa, Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unakupa haki ya kudai ubalozi wako uarifiwe. Utaje kwa jina: "Embassy of Kenya". Saa za Istanbul ni sawa na za Nairobi mwaka mzima, kwa hivyo patana na dada yako saa maalumu ya kumwandikia kila usiku. Mpe jina la hoteli, namba ya chumba, na namba ya simu ya hoteli yenyewe. Mkubaliane pia atafanya nini ukichelewa: baada ya nusu saa akupigie, na usipopokea apige hoteli aombe mtu aende mlangoni kwako.