Ukisoma barua za walowezi, anza na aliyeandikiwa

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma barua za familia ya Oblinger, walowezi wa Marekani wa karne ya 19, mkusanyiko wa takriban kurasa 3,000 uliotunzwa na Chama cha Historia cha Jimbo la Nebraska na kuwekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Bunge la Marekani. Mtu akiniuliza namna ya kuanza kusoma barua za aina hii, humwambia kwamba kabla hajaamini aliyoyasema mwandishi, ajiulize alikuwa akimwandikia nani, na alitaka huyo aliyeandikiwa afanye nini.

Uriah Oblinger aliondoka Indiana mwaka 1872 kwenda wilaya ya Fillmore, huko Nebraska, kutafuta shamba chini ya sheria ya mwaka 1862 iliyomruhusu mtu kupata ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Mkewe Mattie alibaki Indiana na binti yao mdogo, Ella, hadi mwaka uliofuata. Barua za miezi hiyo ni za mume anayetaka mkewe amfuate, na kila anapoisifu ardhi hukumbuka kwamba anayezisoma bado hajafunga mizigo. Kinyume chake, Aprili 1873 dhoruba kali ya theluji iliipiga Nebraska wakati wa Pasaka, na Uriah akamsimulia Mattie. Hapo ndipo ninapomwamini zaidi, kwa sababu habari ile haikuwa na faida yoyote kwa lengo lake.

Mattie alipofika, mambo yaligeuka. Sasa yeye ndiye aliyewaandikia jamaa zake waliobaki Indiana, na akawaeleza kwa furaha kwamba wako kwenye nyumba yao wenyewe, ijapokuwa kuta zake ni vipande vya udongo vilivyokatwa pamoja na mizizi ya nyasi. Siichukulii furaha hiyo kuwa ya uongo, lakini najua pia kwamba binti aliye mbali hawezi kuwaeleza wazazi kila kinachomsumbua. Dawa yake ni kuwa na daftari la tarehe za matukio kando yako unaposoma: nzige walioangamiza mazao mwaka 1874, kwa mfano, wanajulikana vizuri nje ya barua, hivyo unaweza kupima familia ilisema kiasi gani na ilinyamazia nini.

Usidhani kwamba asiye na barua hakuandika. Barua hutunzwa na aliyepelekewa, kwa hiyo kilichotufikia kinategemea kabati la nani lilisalimika, na mazungumzo mengi tunayasikia upande mmoja tu. Angalia pia mwandiko unapobadilika katikati ya barua, kwa maana Mattie na Uriah mara nyingine waliandika pamoja. Hadi mwaka 1883 stempu iligharimu senti tatu kwa nusu aunsi, na naona si ajabu watu wakatumia karatasi moja kwa maneno ya wawili.

Kuna ukimya mwingine ambao barua za familia haziwezi kuuziba. Ardhi ya kusini mwa mto Platte, huko Nebraska, ilikuwa ya Wapawnee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walioiachia serikali kwa mkataba wa mwaka 1833, na katika miaka ileile ambayo akina Oblinger walikuwa wakijenga, Wapawnee waliosalia Nebraska walikuwa wakihamishiwa kusini, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Nakushauri usome historia yao sambamba na barua hizi, la sivyo utaondoka ukidhani nyika ile ilikuwa tupu.

Jambo la mwisho ni mpangilio. Soma kwa kufuata tarehe, hata kama kuna barua moja iliyokuvutia. Mwaka 1880 Mattie alifariki akijifungua, na baadaye Uriah akaoa tena. Anayeruka huku na kule hukosa kuona jinsi mwandikiwa anavyobadilika, na sauti ya Uriah pamoja naye. Sehemu zenye tahajia ya ajabu zisome kwa sauti, kwani waandishi hawa waliandika kama walivyotamka, na unapotilia shaka neno katika nakala iliyopigwa chapa, fungua picha ya karatasi yenyewe ulinganishe.