Jibu kwa kijana wa Kisauni: kwenda kusoma Pune au kubaki TUM

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza kidato cha nne, KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, wamekupangia TUM, chuo kikuu cha ufundi cha hapa Mombasa, na papo hapo kuna ajenti mjini amekuletea barua ya chuo cha binafsi Pune, India, kozi ya BCA, digrii ya kompyuta ya miaka 3. Mamako yuko tayari kuuza bangili zake za dhahabu. Unauliza kama chuo ni cha kweli, kama utaweza kufanya kazi huku unasoma, Wahindi wanatuchukuliaje, na ubebe nini. Mimi nilisoma Pune 2014 hadi 2017, kozi hiyo hiyo, na bangili za mama yangu zilikwenda vivyo hivyo. Nitajibu kama ninavyokumbuka, si kwa mpangilio wako.

Kilichoniponza ni kudhani India naijua. Mtu amekulia Majengo, anakula chapati na bajia na achari, nguo za Idi ananunuliwa Biashara Street, filamu za Kihindi ameziona hata nyimbo amezihifadhi. Wiki ya kwanza nikasikia watu wanasema kitab, kalam, duniya, sabun, barf, sarkar, nikajiona nusu ya lugha ninayo tayari. Embe huko wanaliita amba! Basi nikapanda tuktuk na Kihindi changu cha filamu, dereva akanijibu kwa Kimarathi, lugha ya wenyeji wa huko, tukazunguka saa nzima. Mwenzangu kutoka Tajikistan, ambaye hakuwa na chapati wala filamu ya kumdanganya, alikuwa ameulizia kila kitu kabla ya kuondoka kwao. Mimi nilikwenda kama mtu aendaye kwa jirani kuomba chumvi.

Kwa hivyo sikujua habari ya makaratasi. Viza ya masomo ya zaidi ya siku 180, una siku 14 tangu kufika kujiandikisha kwa FRRO, ofisi yao ya wageni. Ili ujiandikishe unahitaji barua ya chuo na uthibitisho wa unapokaa. Na huyo anayekuweka nyumbani kwake anatakiwa ajaze fomu ya kuripoti kwamba ana mgeni, ndani ya saa 24. Wenye nyumba wengi hawataki usumbufu huo, na hapo ndipo dalali anapokwambia chumba kimeshachukuliwa. Siku hizi maombi ya FRRO yanafanywa kwa intaneti, lakini mwenye nyumba ni yule yule. Kabla ya hayo yote kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano: anayetoka Kenya bila hiyo anaweza kuwekwa karantini, na chanjo inahesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa. Usiende kuchomwa wiki ya safari.

Kazi: sahau. Viza ya mwanafunzi ya India hairuhusu kufanya kazi. Najua ajenti atakwambia wengi wanafanya. Ni kweli wapo, na kila mwaka wakati wa kuongeza kibali ukifika hawalali.

Sasa pesa, na hapa soma pamoja na mamako. Karo yangu ilikuwa dola 1,800 kwa mwaka. Wenzangu wa darasa hilo hilo, Wahindi, walilipa kwa rupia na hawakufika hata robo yake. Nilipouliza nikaambiwa mimi ni wa kitengo cha wanafunzi wa kimataifa. Kitengo chenyewe kilikuwa meza moja na mzee mmoja mpole sana, kazi yake kuandika risiti. Sikulalamikia bei, niliikubali mwenyewe. Lakini hesabu niliifanya kwa shilingi ya Julai 2014, dola ilipokuwa kama shilingi 88. Julai 2015 ilikuwa imepita 100. Karo haikupanda hata dola moja, na bado nyumbani walitafuta zaidi ya shilingi 20,000 ambazo hatukuzipanga. Chama cha mama ndicho kilichotuokoa. Wewe ukipiga hesabu, weka shilingi mbaya kuliko ya leo. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia shilingi 160, halafu ikarudi hadi kama 130, na karo yako haitangoja irudi.

Bangili za mamako zitalipa mwaka wa kwanza. Wa pili na wa tatu ni nani?

Halafu kuna jambo ambalo hakuna ajenti angeweza kulijua. Tarehe 8 Novemba 2016, usiku wa saa mbili, waziri mkuu wao alitokea kwenye televisheni akatangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 mwisho wake usiku wa manane. Mimi sandukuni nina kodi ya nyumba, rupia 9,000, zote noti za 500. Nilikuwa naziweka ndani kwa sababu benki ni mbali na mwenye nyumba alitaka taslimu. Siku iliyofuata benki zilifungwa, na zilipofunguliwa foleni ilizunguka mtaa. Mwanzo unabadilishiwa rupia 4,000 tu, na mashine inatoa 2,000 kwa siku, ikiwa haijaishiwa. Nilikosa vipindi siku nne, na chuo chetu kilitaka mahudhurio ya asilimia 75, hawasikilizi cha foleni. Duka la chini liliniandika kwenye daftari la deni kama tu duka la mtaani kwetu. Mama mwenye nyumba, Mmarathi, mkali kama pilipili, aliyenikataza kuingiza nyama hata yai, akaniambia lipa ukipata. Nililipa Januari.

Hilo linanipeleka kwenye swali lako la tatu. Jibu langu ni kwamba utakutana na yote mawili, tena mtaa mmoja. Utaitwa habshi, neno lao la kumdharau Mwafrika. Watoto watakugusa nywele, abiria atahama kiti. Januari 2016 kule Bengaluru mwanafunzi msichana kutoka Tanzania na wenzake walishambuliwa na umati, kisa ajali ya gari iliyosababishwa na mtu mwingine kabisa, Msudani. Pune ni mbali na Bengaluru, lakini sisi Waafrika wiki ile hatukutoka baada ya magharibi, na mama alipiga simu kila siku akitaka nirudi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Wanigeria, Greater Noida karibu na Delhi. Sikutishi, ila usiambiwe na mtu kwamba haya ni maneno ya magazeti. Nilihamia Kondhwa mwaka wa pili, mtaa wenye Waislamu wengi na wanafunzi wa Yemen na Sudan, nikapumua kidogo, ingawa Kihindi changu kiliharibika kwa sababu tulishinda tukiongea Kiarabu cha kuokoteza.

Masomo yenyewe hayakunishinda. Utaandika programu kwa mkono kwenye daftari, kurasa na kurasa, na mwalimu atatia sahihi. Utaona upuuzi. Andika tu, kuna alama pale.

Kuhusu chuo kuwa cha kweli, swali la kumwuliza ajenti ni hili: cheti kitatoka kwa jina la nani? Huko vyuo vingi vidogo vinafundisha tu, na digrii inatolewa na chuo kikuu ambacho kimeshikamana nacho. Pata jina la hicho chuo kikuu, lisake kwenye orodha ya UGC, tume yao ya vyuo vikuu. Tume hiyo pia inatoa orodha ya vyuo bandia, isome. Kisha waulize CUE, tume ya vyuo vikuu ya hapa kwetu, kabla hujalipa, kwa sababu hao ndio watakaoitambua digrii yako ukirudi. Na uulize kama BCA hiyo ina mwaka wa nne. Tangu sera yao mpya ya elimu ya 2020, mtu anaweza kusoma minne badala ya mitatu. Mimi na mitatu yangu, nilipoomba kusoma masters hapa nyumbani, nilitakiwa kujieleza kwa barua juu ya barua, maana wenzangu wote walikuwa na minne. Tena usipande ndege ya kurudi bila cheti chenyewe. Matokeo hutoka mapema, cheti husubiri mahafali, na kukifuatilia kutoka Mombasa ni kazi ya mwaka mzima.

Kama ningekuwa wewe? Ningeingia TUM, nikaomba mkopo wa wanafunzi wa HELB, na India ningeifikiria kwa masters au kwa ufadhili uliolipa kila kitu. Najua kwa masikio ya kijana Tudor, mtaa ilipo TUM, haina utamu wa Pune. Lakini pale Tudor ndipo palipokuwa MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki, na miaka ya 1950 vijana walitoka Zanzibar na Tanganyika kuja kusoma papo hapo unapopakimbia. Hata hivyo sitasema najuta. Nilirudi na kazi naipata kwa niliyoyasoma kule. Ila mama mpaka leo mkono wake mtupu, na kila arusi ananiambia ni joto.

Ya kubeba: viungo usibebe, unavirudisha kwao. Beba unga wa sima, mweupe hutauona kirahisi, sisi tulisonga kwa suji, ngano ya chenga, na haikuwa sima. Beba picha ndogo za pasipoti nyingi na nakala za kila cheti. Mimi nilibeba na mbuzi ya kukunia nazi, nimeifunga kwa kanga katikati ya nguo, nikijua huko sitaipata. Siku ya pili nikashuka kwa mama mwenye nyumba wangu wa kwanza kuomba maji, nikamkuta amekaa chini jikoni, mguu juu ya ubao wenye kisu kilichosimama, na kwenye ncha ya kisu kuna meno. Anakuna nazi.