Kiti cha mtoto kwenye Vitz: kifunge nyuma

Mama mwenzangu wa Chumbageni, umeuliza kama mwanao wa miezi minane akae mbele kwa kuwa nyuma ya Vitz ni padogo. Hapana, tafadhali. Mfuko wa hewa wa dashibodi ukifumuka, hukipiga kiti kinachotazama nyuma kwa nguvu ya kuua. Kifunge kiti cha mtoto nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, na hicho cha abiria ukisogeze mbele. Mtoto aendelee kutazama nyuma. Kikandamize kiti cha mtoto kwa goti huku ukivuta mkanda wa gari, kisha kitikise pale mkanda unapopita: kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Mikanda yake ya begani ukiweza kuifinya ikakunjika, bado imelegea. Na kwa jua hili la Tanga, gusa kwanza vyuma vya mkanda, huunguza.