Neno "rice" kwa Kitagalogi, lugha ya Ufilipino

Ndugu, umeuliza ni lipi kati ya palay, bigas na kanin linalolingana na "rice" la Kiingereza, kwa kuwa kamusi yako imeyataja yote bila maelezo. Yote ni sahihi, na anayejua Kiswahili hapati taabu: palay ni mpunga, bigas ni mchele unaopimwa dukani kwa kilo, na kanin ni wali uliokwisha kuiva. Kwa hiyo, ukitaka kuongezewa chakula mezani kwa mwenyeji wako wa Manila, omba kanin, kwani bigas ni mchele mbichi. Jifunze pia tutong, yaani ukoko, na bahaw, kiporo cha wali ambacho asubuhi hukaangwa kwa kitunguu saumu kikaitwa sinangag, kikaliwa kwa yai.