Mjomba, mimi si mkandarasi

Marahaba, mjomba. Ujumbe wako nimeusoma ndani ya gari la kazini, glavu zimelowa, na umeniudhi. Ati hapo Tanga, kijiweni Barabara ya 12, wanasimulia kuwa mimi ni mkandarasi wa madirisha Uingereza, nina ofisi yenye hita, na nikitaka nakuvuta hata mwezi ujao. Nani kawaambia? Mimi kibarua. Nabeba vioo.

Nikupe Jumanne tu. Nyumba ya mama mmoja mtu mzima hapa Newcastle, wa umri wa bibi yako, anabadilishiwa madirisha sita. Huku dirisha ni fremu ya plastiki yenye vioo viwili, na kati yake upo uwazi wa milimita 16 uliojazwa gesi ya agoni, joto lisitoke. Kioo hicho cha mita moja ya mraba kina kilo 20, fremu bado. Kile cha chumba cha juu tulikibeba wawili, upepo wa baharini unakisukuma kama tanga la ngalawa, na mvua iliyochanganyika na theluji inatupiga usoni.

Siku kama hiyo kazi huahirishwa. Bosi hakutaka. Tukang'oa dirisha la zamani, likabaki tundu ukutani, na yule mama amekaa kitandani kajifunika mablanketi mawili, anatutazama. Silikoni haishiki penye maji, mjomba. Nikawa napangusa kingo za matofali kwa kitambaa, napangusa, panalowa tena, vidole havina hisia hata sijui kama kitambaa bado ninacho. Bosi akanifokea mbele ya yule mama, akaniita mvivu. Mimi niliyekuwa na karakana yangu Makorora, vijana watatu wananiita fundi! Nilinyamaza. Yule mama akateremka jikoni mwenyewe, akaniletea chai, akanishikisha kikombe kwa mikono yake miwili.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yako. Ubao wa dirisha lake umeliwa na mchwa tangu sijaondoka, na masika yakija anaziba kwa turubai. Miaka sita nawafungia watu madirisha, la mama yangu sijaligusa. Pesa nilizotuma zimekwenda ada, hospitali, matanga. Simlaumu mtu. Ila kila nikipiga msumari huku, ubao ule nauona.

Basi usije. Nakwambia kwa mapenzi, usije. Na kama moyo umeshakata shauri, usije mikono mitupu: nenda VETA, chuo cha ufundi, ujue kukata kioo na aluminiamu, ujue na Kiingereza cha kujibia mtu anapokutukana. Dalali anayekuahidi viza usimpe hata shilingi, hata akiwa jirani yetu. Mimi nililipa, na deni lile ndilo linalonifanya ninyamaze nikifokewa. Ukija kwa makaratasi yako halali, nitakupokea, utalala kwangu, utakula kwangu. Lakini karakana ipo, mjomba. Randa na misumeno yangu bado imo, ufunguo anao bibi yako. Ungeifungua wewe ningelala usingizi.

Leo nakuomba jambo moja. Chukua futi, upime dirisha lake. Upana upime juu, katikati na chini. Kimo upime kushoto, katikati na kulia. Ukuta ule wa zamani umepinda, vipimo havitalingana, kwa hiyo ushike upana ulio mdogo kuliko yote na kimo kilicho kidogo kuliko vyote, kisha kila kimoja ukitoe milimita 10 fremu ipate nafasi. Andika kwenye karatasi, ipige picha, unitumie. Mshahara unatoka Ijumaa, na hela ya dirisha hili nitamtumia fundi mwenyewe, siyo wewe, usinune.

Na kitanda cha bibi kivute ukuta wa pili leo hii, mawingu yasije yakakutangulia.